Kikao cha maandalizi

Jamani, kukaa meza moja na wakuu wa ndaki za chuo kikuu na wakurugenzi wa utafiti ni shughuli! Leo tumekutana hapa Dodoma kuandaa kongamano la utafiti wa amani na maendeleo endelevu. Ukumbi, mabango, chai, vyote vimepita chap chap. Tulipofika kwenye mada ya ufunguzi, moto ukawaka.

Profesa mmoja alitaka mgeni kutoka Ulaya azungumzie Lengo la 16 la Maendeleo Endelevu, lile la amani, haki na taasisi imara. Mama mmoja, mkuu wa ndaki, akavua miwani: "Kondoa ipo hapo tu, mbali tunafuata nini?" Akatukumbusha HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza mwaka 1973 kupambana na makorongo. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Majani yakarudi, miti ikarudi. "Haya, na wale ng'ombe walikwenda wapi?" Kimya. Walihamishiwa maeneo ya jirani, ambako nako kulikuwa na wenyewe.

Nilikuwa upande wake tangu mwanzo (mwandishi wa kumbukumbu hana kura, ila uso anao). Tumekubaliana wafugaji na wakulima wa Kondoa na Kiteto wapewe kipindi kizima, kwa Kiswahili, wasiitwe tu kutoa neno la shukrani.

Imebaki nauli yao. Mhasibu anasema fomu ya posho lazima ijazwe cheo. Nimewaandika "mtaalamu" wote. Tuone Jumatatu atasemaje.