Usishangilie bado

Saa nane usiku mabati yalianza kugongwa, tone moja moja, kisha yote kwa mpigo. Stima ikapotea papo hapo, kama ilivyo desturi ya mtaa wetu hapa Nairobi. Sikujali. Nilikaa gizani, simu mkononi, nikingoja kukuche nimpigie Baba.

Malisho yetu yako Kajiado, mbele ya Isinya. Mjini kiangazi nakijua kwa ng'ombe: wafugaji wakianza kuwapitisha kando ya Barabara ya Mombasa wakitafuta majani ya pembeni mwa lami, basi nyumbani hakuna kitu.

"Shikamoo Baba. Imenyesha?"

"Marahaba. Imenyesha sana." Akanyamaza kidogo. "Usishangilie bado."

Nilikuwa nimesahau. Ng'ombe aliyekonda huvumilia jua miezi, halafu mvua ya kwanza ndiyo inayommaliza. Mwili hauna mafuta. Akilowa usiku kucha baridi humwingia, hulala, na akishalala hainuki. Ule ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, Kenya ilipoteza mifugo ipatayo milioni 2.5. Wetu walikuwa kumi na mmoja, na wanne kati yao walikufa mvua ikiwa imesharudi. Hao ndio waliomuuma Baba zaidi.

Jana usiku yeye na kaka yangu waliwasha moto, wakawafunika magunia wale wawili dhaifu. Alfajiri yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika akashindwa kusimama. Wakampitishia mti chini ya tumbo, wanaume wanne, wakamnyanyua. Akasimama anatetemeka, Baba kamshika mkia, anamsemesha kama mtoto mgonjwa.

Kaka alinitumia picha. Nyufa za ule udongo mweusi, zilizokuwa zikimeza mkono wangu mzima, zimeanza kujifunga. Silanga, bwawa letu, ina maji kidogo, rangi ya chai ya maziwa. Nyasi ndiyo bado: wiki mbili, pengine tatu, mvua ikiendelea. Kwa hiyo nimetuma pesa za marobota ishirini ya nyasi kavu, mvua au si mvua.

Kaka akajibu: "Zimefika. Mwekundu amekunywa maji. Ukija Jumamosi tubebee gambuti."

Gambuti! Mwaka mzima neno hilo halijatajwa kwetu.