Kamba Iliyonikatikia Mkononi

Kamba yangu ya kwanza ilikatika nikiwa bado naisifia. Nilikuwa nimeisokota jioni nzima kwa singa za mkonge, urefu wake haufiki hata mita moja, nikamwita mke wangu aje aone ilivyo imara. Nikaivuta. Nikabaki na kipande mkono huu na kipande mkono ule. Yeye alitazama, akauliza kama hiyo ndiyo itakayokuwa kamba ya kuanikia nguo, akarudi ndani.

Mimi kazi yangu ni ya kukaa na kompyuta. Mikono yangu haikuwa imewahi kutengeneza kitu zaidi ya rafu iliyopinda. Nilijiwekea mambo matatu: nisokote kamba, nisuke kikapu, na nipate moto bila kiberiti, vyote kwa vitu vinavyoota, nikiwa na kisu tu. Nilijipa miezi mitatu. Imenichukua mwaka na nusu, na karibu muda wote huo nilikuwa nailaumu mikono. Najiambia sina kipaji, vidole vigumu, nimechelewa kuanza. Kumbe mara nyingi kazi ilikuwa imeshaharibika kabla mikono haijaigusa.

Nianze na mkonge, maana ndio ulionitesa.

Jani la mkonge lina urefu wa mita moja na zaidi, na ndani yake kuna singa kama 1,000. Ukisikia hivyo unadhani ni mali nyingi. Lakini kwa uzito, nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya jani. Zaidi ya hapo ni maji na nyama ya kijani. Kilo 10 za majani zinakupa gramu 400 hivi za nyuzi, tena kama hukupoteza. Mimi nilikata majani manne, nikaketi, nikaanza kuyaponda kwa nyundo ya mbao, huku nimevaa shati la mikono mifupi. Utomvu ukaniruka mpaka shingoni. Baada ya dakika chache ngozi ikaanza kuwasha kama nimekumbatia upupu, na vipele vikakaa siku mbili. Utomvu wa mkonge una fuwele ndogo zenye ncha kama sindano, ndizo zinazochoma. Tangu siku hiyo navaa glavu na mikono mirefu, na navaa miwani.

Kuponda kwenyewe nako kulikuwa kosa. Jani la mkonge hukwanguliwa. Unakata mwiba wa nchani, unapasua jani vipande vyembamba vya upana wa vidole viwili, unalaza kipande juu ya ubao laini, kisha unasukuma kwa mgongo wa kisu kutoka katikati kwenda nchani. Makali hayatakiwi, yatakata singa. Sukuma la kwanza linatoa maji tu. La pili nyama inaanza kujikunja mbele ya kisu. La tatu au la nne unasikia kisu kimebadilisha sauti, kinakwaruza kama kucha juu ya kitambaa, na chini yake zinatokeza nyuzi nyeupe zimelala sambamba. Unageuza upande wa pili, unarudia, kisha unageuza ncha uliyokuwa umeishika. Halafu unaosha mpaka maji yatoke bila ukijani, unaanika.

Kamba yangu ya kwanza ilikuwa na nyama ya jani iliyobaki. Ikikauka, nyama hiyo inagandisha nyuzi zikawa kama gundi imemwagika, hazikubali kusokotwa vizuri, na zinavunjika pale zinapokunjwa. Nilizirudia nyuzi zilizobaki, nikazikwangua na kuziosha upya, mikono ile ile isiyo na kipaji ikatoa kamba ambayo sikuweza kuikata kwa kuvuta.

Kusokota si kugumu kama watu wanavyodhani. Unashika fungu la nyuzi, unalikunja, lakini si katikati kabisa: upande mmoja uwe mrefu kuliko mwingine, nitaeleza kwa nini. Sasa una mafungu mawili yaliyoungana kwenye kikunjo. Fungu lililo mbali nawe unalisokota kwenda mbele, mbali na mwili. Likishakaza, unalileta kwako kwa kulipitisha juu ya mwenzake. Mwenzake sasa ndiye yuko mbali. Naye unamsokota mbele, unamleta kwako. Basi. Kila fungu limesokotwa upande mmoja, na yote mawili yamezungushana upande wa pili. Kila fungu linataka kujifungua, na likijaribu linazidi kumkaza mwenzake. Ndiyo maana ukiachia mkono kamba haifumuki. Mara ya kwanza kuachia na kuiona imetulia, niliiachia tena mara kama kumi, kwa raha tu.

Ufundi huu ni wa kale kuliko tunavyofikiri. Kwenye pango la Abri du Maras kusini mwa Ufaransa, watafiti waliona kipande kidogo sana cha kamba kimenata kwenye jiwe la kukatia, na mwaka 2020 wakatangaza kuwa kina umri wa kati ya miaka 41,000 na 52,000. Ni nyuzi tatu za gome la mti: kila moja imesokotwa upande mmoja, zote tatu zimezungushwa upande mwingine. Na aliyeisokota alikuwa Neanderthal, hata si mtu wa aina yetu. Nilipolisoma hilo niliacha kidogo kujivunia.

Sasa ule upande mrefu na mfupi. Nyuzi huisha, na inabidi uunge nyingine. Ukikunja katikati kabisa, mafungu yote mawili yanaisha mahali pamoja, unaunga yote mahali pamoja, na hapo ndipo kamba itakapokatikia. Kamba yangu ya tatu ilinifundisha hivyo nikiwa nimeitundikia ndoo ya lita 20 iliyojaa. Ndoo ilianguka karibu na mguu. Sasa naunga fungu moja, nasogea angalau urefu wa kiganja, ndipo naunga la pili. Na siungi kwa fundo: nachomeka nyuzi mpya pembeni ya zile zinazopungua kabla hazijaisha, zinasokotwa pamoja.

Kikapu nitakisema kwa ufupi, maana aibu yake ilikuwa fupi. Nilipata makuti machanga ya ukindu, yale ya ndani yasiyofunguka, nikayachana kwa ukucha, nikasuka ukili, ule mkanda mrefu unaoshonwa kuwa kikapu au mkeka, siku hiyo hiyo yakiwa laini na ya kijani. Yalikuwa yanatii ajabu! Nikashona ukili kuuzungusha, nikapata kikapu kizuri kabisa. Mama mkwe wangu alipokuja, ambaye amesuka mikeka tangu utoto, nilikiweka mahali ambapo lazima akione. Ilikuwa imepita kama wiki tatu. Akakiinua, akapenyeza kidole kidogo katikati ya ukili, kikatokea ndani.

“Baba,” akasema, kwa adabu ile inayouma kuliko tusi, “hiki ulikisuka kibichi?”

Nikakubali.

“Basi umesuka maji. Maji yameondoka.”

Jani bichi limevimba kwa maji. Likikauka linasinyaa kwa upana, na mianya inafunguka kila mahali. Inatakiwa uanike kwanza mpaka likauke kabisa, limalize kusinyaa, ndipo ulinyunyizie maji kidogo au ulifunge kwenye kitambaa kibichi usiku mmoja, ili lilainike bila kuvimba upya. Ukili unapoendelea unakazwa kwa kidole gumba kila mkunjo. Mama alinikalisha, akanianzishia ukili, akaondoka na kuniacha nao. Kila aliporudi aliangalia kingo tu, hakuangalia katikati. Kingo zikiwa zimenyooka, alinieleza, katikati patajiweka sawa penyewe. Kile cha kwanza bado ninacho. Naweka vitunguu, mianya inavipa hewa.

Moto ulichukua miezi saba.

Lugha yetu ina maneno yake kamili kwa kazi hii, ambayo nilikuwa nimeyaona kwenye kamusi tu: ulindi, kijiti kinachozungushwa, na uwimbombo, kipande cha mti chenye tundu kinacholala chini. Kitendo chenyewe ni kupekecha. Kupekecha kwa viganja vitupu kulinitoa malengelenge, nikahamia kwenye upinde: kamba ya upinde inauzunguka ulindi, mkono mmoja unasukuma na kuvuta upinde, mwingine unakandamiza ulindi kwa kipande cha mti mgumu chenye kishimo. Wachimbaji waliolifungua kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, mwaka 1922 walikuta humo kifaa cha kupekechea moto cha namna hiyo, chenye mashimo yaliyokwisha kuungua. Kwa hiyo hata mfalme aliondoka duniani na kiberiti chake.

Wiki za mwanzo nilipata moshi. Moshi mwingi, mpaka majirani wakauliza. Kaa la moto, hapana. Nikaongeza nguvu, nikaongeza kasi, nikabadilisha mkao, jasho linadondokea ndani ya tundu (na hilo nalo lilikuwa likiharibu kazi, ila sikujua). Nikarudi kwenye wimbo wangu wa mikono isiyo na kipaji.

Siku moja niliacha kutazama moshi, nikatazama unga. Hapo ndipo habari yote ilipo. Mti hauwaki, kinachowaka ni unga unaosagika na kudondoka kwenye mwanya uliochongwa pembeni ya tundu. Unga wangu ulikuwa wa kahawia, chengachenga, na ukiubonyeza unashikana kama wenye unyevu. Unaotakiwa ni mweusi, laini, unaojirundika na kutoa moshi wenyewe hata ukiwa umesimamisha upinde. Mti wangu niliuokota chini. Ulionekana mkavu, lakini kitu kilicholala ardhini kinavuta unyevu kila usiku. Nikatafuta tawi lililofia mtini likiwa limesimama, la mti laini ambao ukucha wa gumba unaacha alama bila kuzama, nikaliweka ndani, juu, kwa wiki tatu. Na mwanya wangu ulikuwa mwembamba mno, unga unabanwa bila hewa. Nikaupanua uwe kama kipande kimoja cha keki iliyokatwa vipande nane, ncha yake ikaribie katikati ya tundu. Kichwa cha juu cha ulindi nikakipaka sabuni, maana huko hakuna haja ya msuguano.

Nilikuwa nimeapa kamba ya upinde iwe yangu, ya mkonge. Nilisokota nene kidogo kuliko kidole changu kidogo. Nilikwangua nyasi mpaka udongo mtupu, nikaweka ndoo ya maji kando, nikapiga goti moja, mguu wa kushoto juu ya uwimbombo, kifundo cha mkono kimebanwa kwenye muundi ili ulindi usiyumbe. Nikaanza polepole, mivuto mirefu ya upinde mzima. Moshi ulipokuwa mzito nikaongeza kasi kwa kama nusu dakika, na hapo kamba ikakatika. Ikakatika kabisa, ulindi ukaruka.

Nikatukana. Nikatupa upinde. Halafu nikaona unga bado unafuka.

Uzi mwembamba wa moshi, umenyooka, unatoka kwenye kile kirundo kisichozidi ukubwa wa haragwe. Nikaupepea kwa kiganja, bila kupuliza. Ndani yake pakafunguka doa jekundu, dogo kama kichwa cha sindano, likatanuka. Nikaugongagonga uwimbombo taratibu kaa liachane na mwanya, nikalimimina kwenye kiota nilichokuwa nimetengeneza kwa takataka za mkonge, zile nyuzi fupi zinazobaki mezani baada ya kusokota, nilizozisugua mpaka zikawa kama pamba. Nikakifunika kiota kama ninavyoshika kifaranga, nikapuliza pumzi ndefu, nyembamba. Mara tatu ni moshi tu. Ya nne kikashika moto chote kwa mpigo, nikakitupa chini nikiwa nimeungua nywele za mkono.

Tangu hapo nimepata moto mara kumi na moja, na nimekosa mara nyingi zaidi. Siku za unyevu sijisumbui. Nadhani hata wa kale hawakujisumbua: yule mtu aliyekutwa mwaka 1991 kwenye barafu ya milima ya Alps, aliyekufa miaka 5,300 hivi iliyopita, alikuwa na chombo cha gome la mti chenye majani mabichi na vipande vya makaa, inaaminika cha kusafirishia kaa la moto. Aliye na kaa hapekechi. Ndiyo maana hadi leo mgeni asiyekaa tunamuuliza kama amefuata moto.

Kamba ya kuanikia nguo nimeshaitundika, mita sita, na mke wangu anaitumia. Sikujua kuwa kamba ya nyuzi za mmea ikilowa inavimba na kufupika. Mvua ya kwanza ilipopita ilikuwa imekaza kama waya wa gitaa, na msumari wa upande mmoja umeng’oka na kipande cha plasta. Nimeufunga upya sehemu nyingine, safari hii nikaiacha kamba ilegee kidogo.