Mamdogo, washa koroboi

Ilikuwa 2005, masika, mi nina miaka 19 nimefeli form four nimekaa tu kwa bibi huko Tanga vijijini, kule kwenye machungwa. Dada alikuwa Dar anafanya kazi za ndani, mtoto wake wa miaka mitatu na ushee kamuacha kwetu, kwa hiyo mama wa yule mtoto kwa vitendo alikuwa mimi, ananiita mamdogo, analala na mimi, na chandarua tulikuwa nacho kimoja kina matundu ya kupita kuku (natania, ila si sana).

Jumanne akaamka wa moto. Nikaenda dukani nikanunua SP, enzi hizo ndo ilikuwa dawa ya malaria, na panado, nikamsagia kwenye kijiko na sukari akanywa. Jioni joto likashuka akanywa na uji, mi nikajua yameisha. Jumatano kama saa kumi jioni yuko kwenye mkeka anachezea vifuniko vya soda, ghafla shingo ikavutwa nyuma, meno yameumana, mkono wa kulia unarukaruka peke yake kama sio wake, macho yakapanda juu yakabaki meupe matupu. Nilipiga ukelele ambao nafikiri mpaka leo upo pale uwanjani.

Bibi akatoka jikoni, akamtazama mara moja tu, akatazama juu kwenye makuti.

"Degedege hilo. Analiona, liko juu hapo."

Sasa wale wadogo zangu wa mjini niwaambie, kwetu degedege halikuwa malaria. Malaria ni homa, unapelekwa hospitali unapewa dawa. Degedege ni kitu kingine kabisa, ni shetani lina umbo la ndege, linapita usiku, likimpitia mtoto ndo anageuza macho kulitazama. Na sharti kubwa ni moja, mtoto wa degedege hachomwi sindano, akichomwa anakufa. Mkicheka mnakosea maana watu walikuwa wameona kwa macho yao, watoto wa degedege waliopelekwa hospitali wengi walikuwa wanarudi maiti kweli, si kwa sindano, ni kwa sababu walikuwa wanapelekwa siku ya tatu ya nne mganga akishashindwa, lakini lawama nani anaibeba? Sindano.

Na mimi sina pa kujificha. Shule nilifeli ila plasmodium, yule mdudu wa malaria, nilikuwa naijua, mzunguko wake niliuchora mpaka kwenye mtihani. Lakini bibi kasema, na mzee jirani anayejua mambo hayo keshaitwa, na kiza kinaingia, mi nikakaa. Mtoto akafunikwa kaniki, chini yake kikawekwa kigae chenye makaa na kinyesi kikavu cha tembo, akafukizwa. Ile harufu ya majani yaliyoungua naisikia hata sasa hivi nikiwa naandika. Ule mtikisiko ukaisha. Mzee akasema limeondoka, mwacheni alale.

Akalala kweli. Usiku mzima anakoroma, mi niko pembeni nashukuru Mungu. Alfajiri nikamwinua nimpe maji, yakaingia mdomoni yakatokea pembeni yote, hakumeza hata tone, na kichwa kikaanguka kwenye mkono wangu kama mgomba uliokatwa. Hapo ndo nikajua hajalala huyu.

Nikamfunga mgongoni na kanga. Bibi alilia lakini hakunizuia, alifungua pindo la kanga yake akanipa elfu mbili. Nikapata pikapu ya machungwa, nikakaa nyuma juu ya magunia, kila kona najipapasa mgongoni kama bado ana joto.

Hospitali nesi wa kwanza alichofanya akachukua kalamu akaigandamiza kwenye ukucha wa mtoto kwa nguvu. Nikamchukia papo hapo. Afu akamsugua kifuani kwa vifundo vya vidole, mtoto kimya, hakulia, hakuvuta mkono, macho hayafuati kitu. Nesi akasema namba fulani, daktari akaandika. Baadaye sana na mimi nilikuja kusoma unesi nikafundishwa kitu hichohicho, kinaitwa skeli ya Blantyre, inatoka Malawi, mtoto mzima anapata tano, akipata mbili kushuka chini anahesabiwa yuko kwenye koma. Nimeshawabonyeza watoto wa watu kalamu kwenye kucha mara nyingi tu na nimeshatazamwa vilevile nilivyomtazama yule nesi.

Sukari ya damu ilikuwa imeisha kabisa, wakamsukumia glukosi mshipani. Dripu ya kwinini. Damu ndogo, nikatoa mimi chupa moja. Wakatoa na maji ya mgongo kuangalia kama si homa ya uti wa mgongo, hiyo nilitoka nje sikuweza. "Malaria imepanda kichwani," ndo walivyoniambia.

Jumamosi akaamka. Kama saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, limempiga mpaka usoni. Midomo ikacheza, nikainama, akasema kwa sauti imekauka:

"Mamdogo, washa koroboi."

Nikacheka kwanza kwa furaha kwamba kaongea. Afu nikanyamaza. Nikapitisha mkono mbele ya uso wake, hakupepesa. Nikachukua biskuti nikaishika pale karibu na pua, akaisikia harufu, mkono wake ukaenda kushoto, ukashika hewa.

Bibi alifika mchana. Nikamwambia haoni. Akakaa chini kwenye sakafu ya wodi akasema degedege limeondoka na macho yake.

Jumatatu akaja daktari wa macho, mzee mmoja mpole, kiatu kimoja kimefungwa na waya. Alianza na tochi ndogo. Akammulika jicho, akaniita, "Binti, njoo uone." Nikaona ile mboni nyeusi inanywea palepale, kama kifauongo ukikigusa njiani. Akatoa tochi, ikafunguka. Akamulika, ikanywea. Halafu ndo akamtia matone ya kutanua mboni, tukasubiri nusu saa, akachukua kile kikurunzi chao chenye tundu akaingia uso kwa uso na mtoto, pua karibu zigusane, muda mrefu mpaka mtoto akaanza kumshika ndevu. Alisema ndani kule nyuma kuna mabaka yamefifia rangi, na vidoa vya damu vina weupe katikati, ndo alama za malaria hizo, zinafutika zenyewe baada ya wiki chache. Akanipa na mimi nichungulie. Niliona wekundu tu basi, lakini nikatikisa kichwa kama nimeelewa.

Bibi akauliza, "Sasa dokta, macho yamekufa?"

"Hayajafa, bibi. Si umeona mboni inacheza? Jicho linapokea mwanga. Ila anayeona si jicho, anayeona yuko huku," akamgusa mtoto kisogoni. "Malaria iliziba vimishipa vya huku ndani. Kwa wengi inarudi. Tusubiri."

"Kwa hiyo lile lililokuwa kwenye makuti..."

"Lilikuwa kwenye damu, bibi yangu."

Bibi hakujibu. Lakini nilimuona anajipapasa kisogo chake mwenyewe.

Nilipokuja kusoma ndo nikaelewa yule mzee alikuwa anatazama nini. Chembe za damu zenye wadudu zinakuwa na kunata, zinang'ang'ania kwenye kuta za vimishipa, damu haipiti vizuri, na retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni ndugu wa ubongo kabisa, mambo yakiharibika kichwani na kule nyuma ya jicho yanaonekana, bila kumpasua mtu. Kule Blantyre waliwahi kuchunguza maiti za watoto 31 waliofariki huku wakihesabiwa kuwa ni malaria ya kichwa, matokeo yakatoka 2004, 7 kati yao kumbe walikufa kwa kitu kingine, na alama iliyotenganisha vizuri kuliko zote ilikuwa ni macho. Na 2015 wakatoa ya MRI, zile picha za ndani ya kichwa, watoto 25 waliokufa, 21 ubongo ulikuwa umevimba sana tangu wanapokelewa. Unavimba mpaka unagandamiza sehemu inayoendesha pumzi. Hiyo niliisoma usiku niko zamu, nikaifunga, nikaenda kukaa nje kidogo, nikiwaza lile koromo la usiku ule nililokuwa nalishukuru.

Kurudi nyumbani kila asubuhi namjaribu na chungwa, kimyakimya, sitaki bibi aone. Nalishika mbele yake sisemi kitu. Wiki ya kwanza hamna. Ya pili akawa anageuka mlangoni kwenye mwanga. Ya tatu kuku akakatiza uwanjani akanyoosha kidole, "kuku!", mi nikaacha ndoo ikamwagika, nikakimbia kuleta chungwa, hakuliona! Kinachotembea anakiona, kilichotulia hakioni. Nikaanza kulitikisa. Ilipita kama miezi miwili ndo akalichukua mkononi mwangu limetulia, tena akaniuliza mbona halijamenywa.

Sasa hivi ana ndevu, anatengeneza simu, vile viskurubu vidogo ambavyo mimi na miwani sivioni yeye anavichomoa kama mchele. Alianguka kifafa mara moja akiwa na miaka saba, haikurudi. Maneno ndo yanamkimbia, anakaa "nipe ile, ile nanihii" mpaka wateja wanamtania, na mi nikisikia hiyo nanihii huwa nahesabu, Jumatano saa kumi jioni mpaka Alhamisi asubuhi, ni saa ngapi zile.

Dada yangu mambo ya mtandaoni hana habari nayo. Anajua tulienda hospitali jioni ileile.