Sista Mgeni Akiogopa Kuuliza

Majuzi, wakati wa kukabidhiana zamu katika wodi ya kujifungulia hapa Kisumu, binti aliyemaliza chuo juzi tu aliuliza: mama wa kitanda cha dirishani, mwenye kifafa cha mimba, adungwe magnesiamu tena au tusubiri?

Swali la maana kabisa. Dawa ile huzuia degedege, lakini ikizidi mwilini hulegeza misuli hadi pumzi ikakatika. Ndiyo maana kabla ya kila dozi tunagonga goti tuone kama mguu unaruka, tunahesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, tunapima mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa.

Inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, akamjibu mbele ya wagonjwa: "Kwani chuoni mlikuwa mnasukana nywele?" Watu wakacheka. Binti akazika uso kwenye faili, na zamu nzima hakuuliza lolote tena. Nilimshika mkono tukaenda kwa yule mama, tukagonga goti pamoja.

Matusi angalau yanasikika. Ratiba ya zamu huumiza kimyakimya: usiku mfululizo, Krismasi na Pasaka juu yake, likizo iliyokubaliwa ikafutwa jioni ya mwisho. Asubuhi sista mgeni anapanda tuktuk ya Kondele macho yamewiva, na ukilalamika kwa niaba yake unaambiwa, "Hata sisi tulipitia hayo." Nimelisikia jibu hilo kwa wauguzi ninaowaheshimu, na linaniuma kuliko matusi yenyewe. Mwaka 2017 sisi wauguzi tuligoma kuanzia Juni hadi Novemba, inchaji na mgeni bega kwa bega juani. Hatukuulizana nani alianza kazi lini.

Katiba ya 2010 inalinda utu wa kila mtu katika Ibara ya 28, na Ibara ya 41 inampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini. Kwa hiyo, mdogo wangu, andika: tarehe, saa, maneno yenyewe yalivyotamkwa, nani alikuwepo. Mpelekee matroni barua, ubaki na nakala, na mwakilishi wa chama cha wauguzi naye apate yake. Usiende peke yako, nitakusindikiza.

Na tukiwa zamu moja, niite. Hata saa tisa usiku, hata kama uliniuliza jambo hilohilo jana.