Mtutu wa Juu Unagoma

Masika ile Jangwani palijaa maji, daladala zikawa zinazunguka njia za mbali, na karakana yetu ya silaha pale Kisutu ikakosa wateja. Akaingia mzee mmoja kutoka Kisarawe, amebeba kitu kirefu ndani ya mfuko wa salfeti. Fundi alimwamkia, akamwomba kitabu cha leseni, akalinganisha namba. Kisha akaikunja bunduki na kuingiza kidole katika kila chemba, yaani tundu la kuwekea risasi, ijapokuwa mzee aliapa kwamba haina kitu.

Ilikuwa Savage 24: mtutu wa .22 juu, wa kupiga risasi ndogo, na wa .410 chini, wa kupiga marisawa, yaani vigololi vidogo, nyundo moja, kifyatulio kimoja. Asili yake ni Stevens ya mwaka 1938, ambayo jeshi la Marekani liliinunua kwa ajili ya marubani wake wakati wa Vita Kuu ya Pili. Rubani akidondoka porini, risasi ni ya mnyama aliyetulia, marisawa ni ya ndege anayeruka. Warusi nao walifuata wazo hilohilo baada ya wanaanga wao Leonov na Belyaev kutua msituni mwaka 1965. Bastola yao ya TP-82 ina mitutu mitatu, na ilipanda angani na wanaanga.

"Fundi, huu wa juu unagoma. Wa chini unalia vizuri tu."

Fundi alianza na kitufe cha kuchagua mtutu. Kilikuwa kizito, kimenata. Mzee alikuwa akipaka mafuta ya alizeti, na mafuta ya kula yakikaa huganda yakawa gundi. Tulikisafisha kwa mafuta ya taa na mswaki, tukakifuta, tukaweka tone la mafuta ya cherehani. Kikaanza kuteleza, lakini .22 bado ingegoma.

Akanipa tochi. Kwenye ukingo wa chemba ya juu palikuwa na kidonda kidogo kama alama ya ukucha kwenye sabuni. Baruti ya kuwashia ya .22 imo ndani ya ukingo wa ganda, kwa hiyo pini ya kugongea lazima iuminye ukingo huo dhidi ya chuma cha chemba. Ukifyatua chemba ikiwa tupu mara kwa mara, pini inagonga chuma chenyewe. Pakishabonyea, ukingo wa ganda hauna pa kuegemea, pigo linakuwa hafifu. Na chuma kilichosukumwa ndani kinabana ganda lisitoke. Wajukuu walikuwa wakiichezea, mzee akasema. (Watoto na bunduki! Fundi alimkalia kooni kwa hilo kuliko kwa mafuta.)

Kutumia tupa hapa ni marufuku: inapanua chemba, na ganda linaweza kupasuka. Fundi aliingiza kijiti cha chuma kigumu, chembamba mbele na kinene nyuma, akakizungusha taratibu huku akikisukuma, hadi chuma kilichoingia ndani kikarudi mahali pake.

Jaribio la mezani halihitaji risasi hai. Kwa .22 tulitumia ganda lililokwisha kupigwa, tukaligeuza ili pini ikute sehemu ya ukingo ambayo haijagongwa. Alama ikatoka wazi, yenye kina. Kwa .410 tulidondosha penseli mtutuni, ufutio ukiwa chini, mdomo wa bunduki ukielekea juu. Nyundo ilipoanguka, penseli iliruka. Kupiga kwenyewe kungefanyika uwanja wa shabaha.

Kabla ya kumrudishia, fundi alimsomesha muhuri wa mtutu: inchi 3. Bunduki nyingine yenye chemba ya inchi 2½ inaweza kumeza fataki (risasi ya marisawa) ya inchi 3 bila kulalamika, kwa sababu fataki ikiwa haijapigwa ni fupi. Mdomo wake ukifunguka hukosa nafasi, na shinikizo hupanda vibaya.

"Na nguruwe wa mihogo yangu?"

"Kwa hii, mzee? Utamjeruhi, kisha atakufuata wewe. Nenda kwa maofisa wa wanyamapori."

"Gobole la marehemu baba lilikuwa linawalaza."

Akaanza kubishania bei ya kazi.