Gari la Mzee na Mercedes ya Kijana

Jumapili, usiku.

Kazi yangu ni kuandaa mishahara. Kuanzia tarehe 20 ya kila mwezi najifungia na orodha ya watu 312: jina, cheo, mshahara ghafi, kodi, makato, kinachobaki. Nimeifanya kazi hii miaka 11 na sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu, nani anapata nini. Lakini saa kumi na moja jioni nikishuka maegeshoni nakutana na orodha ileile, safari hii imegeuka mabati na vioo, na hapo ndipo moyo wangu wa kihasibu huanza kuwasha. Orodha hizi mbili hazilingani.

Hazilingani hata kidogo. Mtu akiniletea mgeni amwambie awapange wafanyakazi wetu kwa mishahara kwa kuangalia magari tu, atamweka mkuu wa wahandisi chini kabisa, jirani na watu wa stoo. Mzee yule ni wa tatu kwa mshahara katika kampuni nzima. Anaendesha Corolla ya rangi ya majivu ambayo mlango wake wa nyuma, upande wa kulia, haufunguki kwa nje. Akitaka kutoa mkoba wake anafungua mlango wa mbele, anaingiza mkono mpaka begani, anapapasa kitasa cha ndani, anafungua, kisha ndiyo anazunguka. Nimemwona akifanya hivyo mvua ikinyesha, mwavuli ameubana kidevuni. Kwa anachokipata, angeweza kununua mlango mpya kila wiki.

Na nafasi mbili kutoka kwake huegeshwa Mercedes nyeusi, inang'aa kiasi kwamba nimewahi kujifunga kilemba changu kwenye kioo chake. Hiyo ni ya kijana wa mauzo. Sitasema anapata kiasi gani. Nitasema tu kwamba kwenye karatasi yake kuna mstari unaoitwa "mkopo wa gari", na ukishautoa, kinachobaki mkononi ni kidogo kuliko cha dereva wa kampuni. Dereva wa kampuni, nikumbushe, anaendesha gari la kampuni.

Kwa miaka nilikuwa na maelezo mepesi. Mzee ana busara, kijana ana mikogo. Nilijiona mwerevu sana kwa maelezo hayo, na bila shaka yalinifaa, kwa sababu mimi mwenyewe naendesha kigari kidogo chenye umri wa miaka 14, na nilikuwa nimejiweka kwenye kundi la mzee bila kuulizwa.

Kilichoyavuruga ni siku gari langu lilipolala kwa fundi. Kijana alinikuta nimesimama nje na begi, akashusha kioo. "Dada, panda nikusogeze."

Nikapanda. Viti vile vinakupokea kama mtu aliyekuwa akikungoja. Baada ya dakika chache za kimya nikashindwa kujizuia nikamwambia, kwa sauti ya utani, kwamba mwenye kujua makato yake ni mimi. Hakukasirika. Alicheka, kisha akasema kitu ambacho nimekuwa nikikitafuna tangu siku ile.

"Dada, mzee akienda kwa mteja, sifa zake zinakuwa zimeshafika kabla yake. Wanajua anakuja nani. Mimi naenda kwa watu ambao hawajawahi kunisikia. Dakika tano za kwanza hawapimi ninachouza, wananipima mimi. Kinachonitangulia ni hiki." Akaugonga usukani kwa kidole kimoja, polepole.

Sikuwa na jibu. Nilichofanya, kama kawaida yangu, ni kwenda kusoma.

Nikamkuta Thorstein Veblen, mchumi wa Marekani, ambaye mwaka 1899, barabarani bado kukiwa na farasi wengi kuliko injini, aliandika karibu maneno ya kijana wetu. Kwamba mahali watu wanapofahamiana hakuna haja kubwa ya kujionyesha, lakini kadiri mtu anavyokutana na wapita njia wasiomjua, ndivyo matumizi yanayoonekana yanavyogeuka njia pekee ya kuwaambia yeye ni nani. Watu humkumbuka Veblen kama mtu aliyewacheka matajiri. Mimi nilimsoma kama mtu aliyewahi kusimama maegeshoni.

Halafu kuna utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2011, nao umenikaa kichwani zaidi. Nchini humo kuna bahati nasibu inayochezwa kwa namba za posta: inachaguliwa namba moja, inayohusu nyumba chache za mtaa mmoja, na wote wa pale waliokuwa na tiketi wanapata fedha, na wakati wa utafiti ule BMW mpya iliongezwa juu. Wachumi wakaenda kuangalia nini kinatokea baadaye, si kwa washindi tu bali kwa majirani zao ambao hawakushinda kitu. Majirani wale nao walionekana wakinunua magari zaidi. Hawakuongezewa hata senti. Kilichoongezeka ni gari la nyumba ya jirani. Na washindi wenyewe, walipoulizwa miezi sita baadaye, hawakuonekana kuwa na furaha kuliko wengine. Hilo la furaha naliacha, maana kila mtu hulikimbilia. Mimi nabaki kwa majirani. Mwaka jana mkuu wa idara moja alikuja na gari jipya, na ndani ya miezi minne nilipokea maombi matatu ya mkopo wa gari kutoka ghorofa ileile. Niliyaidhinisha yote, yalikuwa na sifa.

Ila gari linalonisikitisha kuliko yote, na sijui kwa nini namsikitikia mtu wa mabati, ni Volkswagen Phaeton. Lilitoka mwaka 2002. Mkubwa wa kampuni wakati huo, Ferdinand Piëch, alitaka gari linaloweza kukimbia kilomita 300 kwa saa mchana kutwa, nje kuna joto la nyuzi 50, na ndani kubaki nyuzi 22. Lilijengwa Dresden kwenye kiwanda chenye kuta za vioo, na chini yake lilikuwa ndugu wa Bentley Continental GT. Kwa maneno mengine, lilikuwa na kila kitu. Lakini mbele lilikuwa na nembo ya Volkswagen, jina ambalo maana yake ni gari la watu. Wenye fedha walilitazama wakapita. Marekani liliondolewa sokoni baada ya miaka michache tu, na mwaka 2016 likasimamishwa kabisa. Toyota walikuwa wameshaliona shimo hilo mapema: mwaka 1989 walipotaka kuwauzia matajiri, waliliacha jina lao nyumbani wakaja na Lexus.

Kwa hiyo mtu asiniambie gari ghali hununuliwa kwa ajili ya ubora wake tu. Ubora upo, sikatai. Mgongo wangu ulitambua tofauti ndani ya ile Mercedes kabla akili haijatambua. Gari jipya lina mifuko ya hewa zaidi na breki zenye akili, na mtu anayekaa barabarani saa tatu kila siku ana haki ya kukaa vizuri. Lakini Phaeton lilikuwa na hayo yote, na hayakuliokoa.

Upande wa pili nao una hila zake. Ingvar Kamprad, mwanzilishi wa IKEA, aliendesha Volvo 240 kuukuu miaka na miaka, na watu wakimsimulia humsimulia kama mtakatifu. Yeye mwenyewe, akizungumzia nguo zake za mitumba, alisema anataka kuwa mfano mzuri. Yaani alijua anatazamwa! Bosi mwenye gari kuukuu anawaambia wafanyakazi wake jambo kila asubuhi bila kufungua mdomo, hasa asubuhi wanayopanga kuomba nyongeza.

Nilipofika hapo nikaanza kujitazama mwenyewe, na sikupenda nilichokiona.

Kigari changu nakiegesha wapi? Mbele, karibu na mlango, ambapo kila mtu anaingilia. Sijawahi kukiegesha nyuma. Nikisifiwa ("wewe ungeweza kununua lolote, lakini ona!") nasema "aa, mimi magari hata siyajui," na mwili mzima unasisimka. Nimekuwa nikivuna sifa kwa bei nafuu kuliko kijana wa mauzo, ndiyo tofauti pekee. Nami navuna kwa sababu wote pale wanajua cheo changu.

Mahali wasiponijua mambo ni mengine. Mwaka juzi nilikwenda kwenye mkutano wa wahasibu katika hoteli fulani. Mlinzi alikitazama kigari changu, akanyoosha mkono kuelekea uani. "Watumishi wanapaki nyuma." Gari lililokuwa nyuma yangu, kubwa, jeupe, likapita mbele bila kusimamishwa. Ningeweza kwenda nyuma tu, ni mita 100. Badala yake nilishusha kioo, nikatoa kitambulisho cha mkutano, na nikasikia sauti yangu ikisema, "Mimi ni mkuu wa mishahara." Kwa mlinzi! Kana kwamba nitamkata yeye. Alisema "samahani, mama," akasogeza koni, na nikaingia nikiwa na joto masikioni. Mchana kutwa mada zilinipita, nilikuwa nafikiria ile sentensi.

Mercedes ingekuwa imeshaisema kwa niaba yangu, na kwa adabu zaidi.

Sasa kuhusu wiki hii, maana ndiyo sababu nimekaa kuandika. Kigari kimefika mwisho. Fundi alinipigia Jumanne akaniambia giaboksi imekwisha, na kwamba kuitengeneza ni kumnunulia maiti viatu. Kwa hiyo lazima ninunue, na kwa mara ya kwanza maishani naweza kununua karibu lolote bila kukopa.

Kihasibu ni hesabu fupi. Gari jipya kwa kawaida hupoteza takriban asilimia 20 ya thamani yake katika mwaka wa kwanza, na likifika miaka mitano mara nyingi nusu imekwenda. Hata kama asilimia zingekuwa zilezile kwa dogo na kubwa, asilimia 20 ya kitu kikubwa ni kitu kikubwa. Bima hufuata bei, spea hufuata nembo. Kwenye daftari langu hakuna mjadala.

Ijumaa nikamfuata mzee maegeshoni, nikamuuliza moja kwa moja. "Mzee, nisamehe. Kwa nini Corolla?" Nilikuwa tayari kwa hotuba juu ya kiasi na akiba. Nilikuwa hata nimepanga kuiandika hapa.

Alikuwa ameingiza mkono begani, anapapasa kitasa. "Mama," akasema bila kugeuka, "mimi kazi yangu ni kungoja vitu viharibike. Hili nalijua litaharibikia wapi." Mlango ukafunguka. "Jipya sitalijua. Nitakuwa naendesha huku nasikiliza." Akatoa mkoba, akaufunga mlango kwa paja, akaondoka. Mambo ya kuonekana au kutoonekana hayakuwa yamemfikia kabisa. Nadhani hata Mercedes iliyo nafasi mbili kutoka kwake hajawahi kuiona, na hilo nalo ni jambo ambalo mtu huwezi kulinunua.

Jana Jumamosi kijana wa mauzo, kwa wema wake, alijitolea kunipeleka yadi ya magari. Nilikuwa nimeshaamua: dogo, lililotumika miaka mitatu, rangi ya fedha, nililoliona kwenye picha. Tuliingia na ile Mercedes. Sikuwa nimefikiria hilo, naapa.

Muuzaji alitoka nje kabla injini haijazimwa. Akanifungulia mlango yeye mwenyewe. "Karibu sana, mheshimiwa." Hakuniuliza nataka nini. Alinipitisha moja kwa moja kwenye yale marefu ya mbele, akafungua boneti, akafungua buti, akanikalisha, akawasha kiyoyozi, akazungumza kuhusu ngozi ya viti kama mtu anayesimulia ukoo wake. Nilijaribu mara mbili kusema, na mara mbili akanipeleka kwenye kubwa zaidi. Kijana wa mauzo alisimama pembeni akitabasamu, kama mwalimu aliyeona somo limeeleweka.

Mwishowe nikanyoosha kidole. "Nimekuja kuangalia lile. La fedha, pale kona."

Muuzaji akalitazama. Akaitazama Mercedes. Akanitazama mimi.

"Aah," akasema, uso ukamfunguka. "Ni la mtoto?"

Nikajisikia nikijibu, "Ndiyo."

Mtoto wangu mkubwa ana miaka tisa.