Kidonge Kabla ya Chai

Leo alfajiri nimemeza kidonge cha mwisho cha karatasi ya nne, nikakaa jikoni kusubiri nusu saa ipite ndipo nibandike chai, na katika kusubiri huko nimeona niandike yaliyonifika, kwa kuwa ninawafahamu mafundi wenzangu wanaoteseka na kiungulia na kukitibu kwa namna ileile niliyokuwa nikikitibu mimi.

Ninashona nguo barazani, karibu na Soko Kuu hapa Moshi. Ni kazi ya kuinama, na kwa muda mrefu kila nilipoinamia cherehani baada ya chakula cha mchana, kitu kichungu na cha moto kilipanda kutoka tumboni hadi kooni. Usiku nilikurupuka nikikohoa. Nilitafuna vidonge vyeupe vya magnesiamu, ambavyo hutuliza kwa muda mfupi tu. Nilipokwenda hospitali, daktari aliniuliza kama chakula hunikwama, kama nimepungua uzito, kama nimetapika damu au kupata choo cheusi. Nilipokana yote, alisema kipimo cha kuingiza kamera tumboni kinaweza kusubiri, akaniandikia esomeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ya miligramu 20, kidonge kimoja kila siku kwa wiki nne, kisha nirudi. Alinikataza pia diklofenaki niliyokuwa nikimeza kwa ajili ya mgongo, kwa sababu hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo.

Sina bima ya afya, na tabu yangu ilianzia kwenye bei. Katika duka la kwanza nilipewa dawa ya kampuni yenye jina kubwa, na karatasi moja ya vidonge saba ilizidi fedha ya mboga ya nyumba yangu kwa wiki nzima. Nikaomba nikatiwe vinne; muuzaji akachukua mkasi, akaikata karatasi ile, akanifungia kwenye bahasha ndogo. Vilipokwisha nilikaa siku tatu nikitafuta fedha, kisha nikakatiwa viwili. Nikawa ninameza siku kiungulia kinaponibana tu, tena usiku nikiwa nimeshiba, na mara mbili nilikikata kidonge chenyewe katikati kwa mkasi wangu wa kazi ili kifae siku mbili. Moto haukuzimika. Nikawaambia watu kwamba dawa hii haifai kitu, na inaniuma mpaka leo kwamba jirani yangu mmoja wa sokoni aliacha kuitumia kwa kunisikiliza mimi.

Aliyenifungua macho ni binti mfamasia wa duka jingine. Aliniamkia, akaomba kuona cheti, akaweka kidole juu ya mwandiko wa daktari. "Mama, hili hapa ndilo jina halisi la dawa. Lile la kwenye boksi ni jina la biashara." Alinitolea esomeprazoli ileile, miligramu zilezile, ya kiwanda kingine, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kwa fedha ya vile vidonge saba nikapata ishirini na nane. Hakuna aliyekuwa amenieleza hivyo, na naamini kila mgonjwa anastahili kuelezwa kabla hajafungua pochi.

Kisha aliniuliza ninavyomeza, nikamweleza bila kuficha. Alisema ukuta wa tumbo una pampu ndogo sana zinazotoa asidi, na nyingi huamka tunapokula. Dawa hii hufunga zile zilizo macho, kwa hiyo humezwa tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, ili pampu zinapoamka dawa iwe tayari katika damu. Dawa yenyewe haikai mwilini kwa saa nyingi, lakini pampu iliyofungwa haifunguki tena mpaka mwili utengeneze nyingine, ndiyo maana nafuu hukua siku baada ya siku, na mimi kwa vidonge vyangu vinne vinne nilikuwa ninaikatiza kila inapoanza. Kuhusu kukata kidonge alisikitika waziwazi: asidi ya tumbo huiharibu dawa hii, na ile ngozi ya juu ndiyo inayoilinda mpaka ifike kwenye utumbo.

Siku ya tano nililala hadi asubuhi. Nimeinua pia kitanda kwa matofali mawili upande wa kichwa, na chakula cha jioni ninakula mapema, ingawa jambo hilo ni gumu msimu wa sare za shule unapofika.

Kesho ninarudi kwa daktari. Nitamuuliza namna ya kuipunguza, kwani binti yule alinionya kwamba wengine wakiacha ghafla asidi huwarudia kwa nguvu kwa muda. Jirani yangu nimemwomba radhi na kumwandikia jina halisi la dawa kwenye kipande cha karatasi. Ameahidi kwenda na cheti chake Jumamosi, na nitamsindikiza.